Kuhamia Molo: mambo ya kukagua kabla hujalipa dipoziti

Taja Molo, mji ulioko Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, mbele ya watu wa Nakuru na majibu yatakinzana papo hapo. Mmoja atakuambia kule ni kwa vita, na barabara ya kufika huko ni ya mauti. Mwingine atakutajia viazi, kondoo, hewa safi na ardhi inayokubali karibu kila unachopanda. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Shida ni kwamba anayepanga kuhamia huko mara nyingi huogopa sifa ya mji kwa jumla, halafu anakwama kwenye mambo madogo ambayo hakuna aliyemtajia: karatasi za shamba, dari ya nyumba, mbegu ya viazi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Molo inamfaa mtu ambaye mapato yake yanatoka kwingine, au anayekuja kulima akiwa na mtaji wa misimu miwili mkononi. Anayekuja kutafuta kazi ya mshahara abaki Nakuru, kisha aje Molo kutembea.

Nianze na vita, kwa kuwa ndivyo vinavyoulizwa kwanza. Eneo hili liliguswa na mapigano ya 1992, likaungua tena katika machafuko yaliyozunguka uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliua zaidi ya watu 1,100 nchini kote. Kuna familia zilizopoteza watu, nyumba na mifugo, na nyingine hazikurudi tena. Hilo halifai kufunikwa na maneno ya wauza ploti. Lakini jina Molo katika habari za wakati ule lilibeba eneo pana. Wilaya ya Molo ya siku hizo ilijumuisha pia Kuresoi na Njoro, kwa hiyo kijiji kilichosemwa kuwa ni cha Molo kingeweza kuwa safari ndefu kutoka mjini. Ukitaka kujua usalama, uliza kijiji kwa jina lake.

Na usiulize "hapa kuna amani?" Hilo kila mtu atalijibu kwa ndiyo. Uliza hivi: "Agosti 2017 na Agosti 2022 mlikuwa wapi?" Mwenye duka akisema alifungua wiki nzima isipokuwa siku ya kura, umepata jibu. Mama jirani akisema aliwapeleka watoto kwa nyanya yao hadi matokeo yatangazwe, hilo nalo ni jibu, hata kama hakuna jiwe lililorushwa. Waulize Wakikuyu, waulize Wakalenjin, waulize Wakisii, kila mmoja kivyake na bila haraka, kwa sababu mtu hazungumzi vile vile mbele ya jirani. Pitia kwa chifu na kwa mzee wa Nyumba Kumi pia. Watataka kukujua ukihamia, kwa hiyo si vibaya wakakujua mapema. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kama unaweza, uchaguzi huo ukukute ukiwa mpangaji, si mwenye shamba.

Siasa ndizo zilizowasha moto miaka ile, lakini kuni zilikuwa ardhi. Ndiyo maana kwa maoni yangu, swali la kama Molo ni salama kwako linajibiwa kwa kiasi kikubwa na historia ya kipande unachotaka kununua.

Ardhi ya huku ilipita mikono ya aina kadhaa. Kuna mashamba makubwa ya walowezi ambayo baada ya uhuru yalinunuliwa na makampuni na vyama vya kununua ardhi, wanachama wakagawana kwa hisa. Kuna skimu za makazi za serikali. Na kuna ardhi iliyokatwa kutoka msitu wa Mau. Mwaka 2001 serikali iliondoa takribani hekta 67,000 za misitu kwenye hifadhi nchini, sehemu kubwa ikiwa Mau, na hati nyingi zilizotolewa huko zimebishaniwa tangu hapo. Watu wamefurushwa wakiwa na hati mkononi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha hati na kusema "hii ni safi", bado hujajua lolote.

Utaratibu wenyewe unakwenda hivi. Chukua nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) ya muuzaji, ufanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi za shamba, kwenye ofisi ya ardhi inayohusika. Ifanye wewe au wakili wako, usikubali sachi aliyokuja nayo broka, hata kama ina mhuri na tarehe ya juzi. Sachi itakuonyesha mmiliki wa sasa, ukubwa wa shamba, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Haitakuonyesha ilikotoka. Kwa hilo omba nakala iliyothibitishwa ya daftari la usajili, ile ambayo watu wa ardhi huiita kadi ya kijani. Humo utaona usajili wa kwanza ulifanyika lini na kwa jina la nani, na mlolongo wa waliofuata. Usajili wa kwanza ukiwa wa miaka ya karibu na 2001, na shamba liko ukingoni mwa msitu, mimi ningeacha. Bei yake huwa ya chini kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna wanaouza kwa cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, bila hati. Hisa ni haki ndani ya kampuni, na haionyeshi kipande chenye mipaka. Daftari la kampuni likiwa limepotea au viongozi wake wakiwa mahakamani, utabaki na karatasi. Kosa jingine la kawaida ni kununua kutoka kwa watoto wa marehemu. Hati ikiwa bado kwa jina la baba aliyefariki, hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuuza mpaka mirathi ipite mahakamani na uamuzi wa ugawaji uthibitishwe. Mkutano wa familia chini ya mti, hata wazee wote wakiweka sahihi, hauhamishi ardhi.

Ukiridhika na karatasi, mpeleke mpimaji mwenye leseni uwanjani na ramani ya usajili, akuonyeshe mawe ya mipaka moja moja. Usipime kwa ua. Ua wa miti hutembea: jirani akiotesha upya kila baada ya miaka michache, anaongeza hatua moja upande wako. Mpimaji akikosa jiwe, jambo hilo limalizwe na jirani akiwepo kabla pesa hazijatoka.

Kisha makubaliano ya mauzo kwa wakili, na dipoziti ambayo kwa kawaida ni asilimia 10, ikae kwa wakili. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Muda ukipita bila kibali, mauzo yanakuwa batili kisheria na unachobaki nacho ni kudai pesa zako kama deni. Mke au mume wa muuzaji lazima aridhie kwa maandishi, na ni vizuri aje mwenyewe siku ya bodi. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini. Ploti nyingi za pembezoni mwa Molo hutangazwa kama za mji na kuuzwa kama za shamba, kwa hiyo wakili akuandikie iko upande gani, maana ndiyo inayoamua ushuru na haja ya kibali.

Hayo yote hayana haraka ukianza kwa kupanga nyumba. Na ukipanga, adui wa kwanza utakayekutana naye ni baridi.

Mji uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, wakati Nakuru iko takribani 1,850. Kwa kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6.5, kwa hiyo ongeza nguo za nyuzi 4 zaidi ya ulizozoea Nakuru, na zaidi sana kama unatoka Kisumu. Usiku wa Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, na kunaweza kunyesha siku baada ya siku bila jua la maana. Kwa sababu hiyo nyumba ikaguliwe saa 12 asubuhi. Saa 6 mchana, jua likiwaka, kila nyumba ya Molo ni nzuri.

Ingia chumba cha kulala na uangalie juu. Nyumba isiyo na dari, mabati yakiwa wazi, inapoteza joto lote usiku, na pumzi za waliolala hupanda na kugeuka kuwa matone chini ya bati lililopoa. Alfajiri matone hayo hudondoka kitandani, na mpangaji mgeni huita fundi akidhani bati linavuja. Bati halivuji, dari ndiyo inayokosekana. Sogeza kitanda au kabati upitishe kiganja ukutani nyuma yake. Ukihisi unyevu au ukaona madoa meusi ya ukungu, hapo mtoto mwenye pumu hatalala. Nyumba za mbao ni nyingi na zina joto kuliko za mawe, mradi nafasi kati ya mbao zimezibwa kwa fito na sakafu imeinuliwa kutoka ardhini. Pendelea dirisha la chumba unachokaa liangalie mashariki, kwa kuwa asubuhi ndiyo yenye jua la kutegemewa. Mawingu mara nyingi hujikusanya mchana.

Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Makaa yanayoonekana yameiva, yasiyo na moshi, bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Kota moto jioni ukiwa macho na dirisha limefunguliwa kiasi, kisha litoe jiko nje kabisa kabla ya kulala, si kwenye korido. Wanaofikiria hita ya stima wapige hesabu hii: hita ya kilowati 2 ikiwaka saa 4 kila usiku inakula yuniti 8, yaani 240 kwa mwezi. Bei ya yuniti kwa nyumba hupanda ukivuka 30 na tena ukivuka 100 kwa mwezi, kwa hiyo tokeni zitakushangaza. Blanketi nzito, soksi na dari nzuri ni nafuu zaidi.

Jikoni pia kuna badiliko. Kwa mwinuko huu maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 92, hayafiki 100. Maharagwe na githeri huchukua muda mrefu zaidi hata moto ukiwa mkali namna gani, kwa sababu kuongeza moto hakuongezi joto la maji. Loweka usiku kucha na ununue presha kuka. Katika miezi michache itakuwa imerudisha bei yake kwa gesi uliyookoa.

Maji ya mvua yakusanye. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 6 kwa 10 likipata mvua ya milimita 25 linatoa lita 1,500. Toa asilimia 20 zinazopotea, unabaki na 1,200. Mvua nne za namna hiyo zinakaribia kujaza tangi la lita 5,000. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwage, maana yanaosha masizi na kinyesi cha ndege, na gata zisafishwe kabla ya Machi.

Kuhusu barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, sifa mbaya ni ya kweli. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua zaidi ya watu 100 waliokuwa wakichota mafuta. Migaa, tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Upande wa pili wa Mau Summit, pale barabara ya Kericho inapochepuka, katika makutano ya Londiani, lori liliwaua zaidi ya watu 50 tarehe 30 Juni 2023. Sababu haina uchawi. Kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa ni mteremko mrefu, na malori yaliyobeba mizigo mizito yanashuka humo. Dereva akitoa gia ili kuokoa mafuta, au akikanyaga breki mfululizo badala ya kushuka na gia ndogo, breki hupata moto hadi haziwezi kushika tena. Kizuizi cha zege kilichotenganisha pande mbili kimesaidia dhidi ya kugongana uso kwa uso, lakini hakizuii lori kumgonga aliye mbele yake.

Habari njema ni kwamba mkazi wa Molo halazimiki kupita huko. Barabara ya Elburgon na Njoro inakufikisha Nakuru bila kushuka mteremko huo pamoja na msururu wa malori ya Uganda. Kama utakuwa unashuka Nakuru kila wiki, ifanye hiyo njia yako ya kawaida, na ukilazimika kutumia barabara kuu, iwe mchana na kusiwe na ukungu. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa 2025, na ikikamilika itakuwa ya kulipia. Muuza ploti atakutajia. Usikubali kulipa leo bei ya barabara ambayo bado inajengwa.

Sasa shamba. Ukikodi ardhi ya viazi, jambo la kuogopa ni mnyauko wa bakteria, kwani ukishaingia udongoni hauna dawa. Kabla ya kulipa kodi ya shamba, tembea uangalie viazi vilivyojiotea kutoka msimu uliopita. Ukiona mmea umenyauka ilhali majani bado ni ya kijani, ukate shina karibu na ardhi na usimamishe kipande kwenye glasi ya maji safi. Subiri dakika chache. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa, ukishuka polepole kutoka kwenye shina, mnyauko upo na shamba hilo si la viazi. Unaweza kulitumia kwa mahindi au kabeji, maana ugonjwa huu hauvishambulii.

Mbegu nunua iliyoidhinishwa. ADC, shirika la serikali la maendeleo ya kilimo, lina mradi wake wa mbegu za viazi hapo hapo Molo, na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, lina kituo. Weka oda mapema, kwa sababu kila mtu hukumbuka mbegu mvua ikikaribia. Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea inahitaji karibu kilo 800, yaani magunia 16 ya kilo 50. Mbegu za jirani ni rahisi na ndizo zinazosambaza mnyauko. Baridi na unyevu huleta pia ugonjwa wa baka jani chelewa, kwa hiyo weka pesa ya kunyunyizia dawa karibu kila wiki kukinyesha mfululizo. Anayesubiri hadi aone madoa amechelewa.

Aina ya Shangi ndiyo inayopendwa sokoni. Huiva ndani ya miezi 3 hadi 4 lakini huchipua haraka baada ya kuvunwa, kwa hiyo huwezi kuikalia ukingoja bei ipande. Waliopanda na mvua ya Machi huvuna pamoja, na bei huanguka wakati mmoja. Ndiyo sababu nasema mtaji wa misimu miwili: wa kwanza unaweza kukurudishia gharama tu. Kanuni za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini broka bado atakuja shambani na gunia la kuongezewa shingo. Pima kwa mizani yako, na mkubaliane bei ya kilo kabla jembe halijaingia ardhini. Usitegemee zao moja. Wazee wa huku wanakumbuka pareto ilivyolipa karo, na ilivyowaacha pesa zilipoacha kuja.

Kwa afya, mji una hospitali ya kaunti ndogo, na kesi nzito hupelekwa Nakuru. Andika hilo kwenye hesabu yako kama kuna mjamzito mwenye matatizo au mgonjwa wa figo nyumbani. Na nasisitiza kwa familia zinazotoka Kisumu, Siaya au Busia: kama kuna mtoto mwenye selimundu (sickle cell), zungumza na daktari wake kwanza. Baridi inaweza kuamsha maumivu makali, na hewa ya mwinuko ina oksijeni pungufu. Malaria nayo ni kidogo Molo, jambo jema, ila kinga ambayo mwili ulikuwa umejijengea hupungua ukikaa mbali. Ukirudi ziwani kwa matanga au Krismasi, lala ndani ya neti kama mgeni yeyote.

Intaneti ya simu inatosha kazi za kawaida mjini. Vijijini ipime ukiwa ndani ya nyumba yenyewe, milango imefungwa, mvua ikinyesha.

Hamia Januari au Februari. Ndiyo miezi mikavu, muhula wa kwanza unaanza Januari, na utakuwa na muda wa kuziba nafasi za mbao kabla ya mvua kuanza. Mkataba wa nyumba uwe wa mwaka ili Julai ikukute ndani yake, na uandikwe nani anarekebisha dari na gata. Lori lije na turubai hata kama anga ni safi, lipite Njoro, na lifike kabla ya saa 9 alasiri. Vitanda na magodoro yapakiwe mwisho ili yashuke kwanza, kwa kuwa godoro likilowa Molo jioni halitakauka siku hiyo wala kesho yake.